Chaja na pawabenki kwenye ndege: namna ya kuzifungasha, kuzibeba na kuzitumia kwa usalama

Kila msimu wa safari maswali ni yaleyale. Chaja ya simu inaruhusiwa? Pawabenki niiweke begi gani? Ya 20,000 inapita? Mbona mwenzangu kanyang'anywa yake ukaguzini, mimi nikapita na yangu? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia unapofungasha hadi unaposhuka.

Lipo jambo moja la kulishika kwanza, kwa sababu hatua zote zinatokana nalo. Vitu tunavyoviita chaja ni vya aina mbili. Kuna vinavyopitisha umeme tu: kichwa cha chaja, waya, adapta ya plagi, chaja ya kompyuta mpakato. Na kuna vinavyohifadhi umeme: pawabenki, betri ya akiba ya kamera, kava la simu lenye betri ndani yake, kile kisanduku cha kuchajia spika za masikioni. Vya kwanza ukishavichomoa ukutani havina nguvu yoyote. Vya pili vina betri ya lithiamu, na nguvu imo humo hata kama umevizima. Vya kwanza weka begi lolote utakalo. Vya pili vikae na wewe, pale unapoweza kuviona na kuvifikia kwa mkono.

Sababu yake ni fupi. Betri ya lithiamu ikipondwa, ikitobolewa, ikipata joto kupita kiasi au ikiwa na kasoro ya kiwandani, inaweza kupiga shoti ndani kwa ndani. Joto linaleta joto zaidi, seli moja ndani ya betri inaichoma ya jirani, na moto ukishafika hapo hauhitaji kiberiti. Kule chini kwenye chumba cha mizigo hakuna mtu wa kuuona. Gesi ya kuzimia moto iliyofungwa kule huweza kuua miali, lakini haizipozi seli, na seli zisipopoa zinawaka tena. Juu walipo abiria, mtu atasikia harufu, mhudumu atafika, maji yatamwagwa. Ndiyo maana kanuni inaonekana kama imegeuzwa: kitu chenye hatari kinaletwa karibu na watu, kwa sababu huko ndiko kinakoweza kudhibitiwa.

Na si hofu ya kwenye makaratasi. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 ilishika moto ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini, ikijiandaa kwenda Hong Kong. Moto ulianzia kwenye kabati la juu ya viti, upande wa nyuma. Watu wote 176 walitolewa wakiwa hai, ila paa la ndege liliungua. Wachunguzi walieleza kuwa chanzo kinachoelekea kuwa ndicho ni pawabenki iliyoharibika ndani. Tangu hapo mashirika mengi yamekaza masharti, na ndiyo sababu ushauri uliopewa miaka mitatu iliyopita unaweza kukuponza leo.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Chaja, waya, pawabenki na betri zako zote, zikiwa zimemwagwa juu ya meza au kitanda. Usifanye kazi hii kwa kukumbuka, ifanye kwa kuona.
- Mwanga wa kutosha, au kamera ya simu ya kukuza maandishi madogo.
- Tepu ya umeme, au vifuko vidogo vya plastiki vinavyofungika.
- Kikokotoo cha simu.
- Kurasa za masharti ya mizigo za kila shirika utakalopanda. Nimesema kila shirika: ukibadilisha ndege njiani na ya pili ni ya kampuni nyingine, yasome ya zote mbili.
- Mfuko mdogo mmoja wa kuwekea vyote vyenye betri.

Hatua kwa hatua

1. Tenganisha mafungu mawili

Fungu la kushoto liwe la visivyo na betri, la kulia liwe la vyenye betri. Kitu kikikutatiza, jiulize: kikiwa hakijachomekwa popote, kinaweza kuchaji simu au kuwasha taa? Kama ndiyo, kina betri.

Vinavyokosewa mara nyingi ni hivi. Kava la simu lenye betri linahesabiwa kama pawabenki. Kifaa cha kuwashia gari lililokufa betri nacho ni hivyohivyo, na kwa ukubwa wake mara nyingi kinavuka kiwango. Zile betri kubwa za kupigia kambi, zenye soketi kamili ya ukutani, karibu zote haziruhusiwi kabisa, na hakuna begi la kuziokoa. Sanduku la safari lenye betri ya kuchajia simu lazima betri yake iwe inatoka. Ukilikabidhi kaunta, betri unaichomoa na kupanda nayo. Kama haitoki, usisafiri na sanduku hilo.

Kile kidude kidogo cha kufuatilia begi kinachotumia betri ya duara kama sarafu hakina shida. Lithiamu yake ni kidogo mno, kiache ndani ya begi.

2. Soma kiwango cha kila pawabenki

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nenda polepole.

Kipimo kinachotazamwa na mashirika ya ndege ni wati-saa, kinachoandikwa Wh. Pawabenki nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa mAh (miliampia-saa, kipimo cha chaji) peke yake, na Wh imejificha kwa maandishi madogo mgongoni. Ikiwepo, soma hiyo na uishie hapo. Isipokuwepo, kokotoa: mAh gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti ya betri. Volti ya seli za lithiamu za kawaida ni 3.7, na mara nyingi nayo imeandikwa palepale.

Kwa hesabu hiyo:

- 10,000 mAh ni 37 Wh
- 20,000 mAh ni 74 Wh
- 27,000 mAh ni 99.9 Wh
- 30,000 mAh ni 111 Wh

Mipaka ya kimataifa ni hii. Hadi 100 Wh, unapanda nayo bila kuomba ruhusa. Zaidi ya 100 hadi 160 Wh, unahitaji idhini ya shirika la ndege mapema, na betri za akiba za ukubwa huo hazizidi mbili. Zaidi ya 160 Wh, haipandi na abiria, si mkononi wala chini. Hiyo ndiyo sababu utaziona pawabenki nyingi zinaishia 26,800 au 27,000, na kompyuta mpakato kubwa kabisa zina betri ya 99 Wh na kitu. Watengenezaji wanaujua mstari ulipo.

Kosa la kuepuka: usizidishe kwa volti 5. Hiyo ni volti ya umeme unaotoka kwenye tundu la USB, si ya betri iliyomo ndani. Ukikosea hapo, pawabenki ya 26,800 itakuonyesha 134 Wh, utaiacha nyumbani bure. Na kosa la upande wa pili: pawabenki ikiandikwa namba mbili za mAh, moja kubwa na moja ndogo, tumia kubwa. Ile ndogo ni makadirio ya kinachofika kwenye simu baada ya kupotea njiani.

Kama maandishi yamefutika kiasi kwamba hata wewe mwenyewe unayabahatisha, iache. Mkaguzi hana namna ya kujua uwezo wake, na asipojua ana haki ya kuizuia. Kuna mashirika yanayodai wazi kuwa uwezo uonekane kwenye kifaa chenyewe. Kibandiko ulichotengeneza mwenyewe hakisaidii.

3. Kagua hali yake

Ishike mkononi. Iweke juu ya meza tambarare uone kama inayumba. Pawabenki iliyovimba hata kidogo, iliyopasuka ganda, iliyowahi kulowa, iliyoanguka kwa kishindo au inayopata joto kali bila kazi kubwa, haipandi ndege. Kwa kweli haifai hata kukaa chumbani unapolala. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiitupe kwenye pipa la takataka. Ipeleke panapopokelewa betri chakavu.

Halafu tafuta jina la mtengenezaji na namba ya toleo, uone kama imeitwa irudishwe kiwandani. Mwezi Juni 2025 Anker walitangaza kurudishwa kwa pawabenki zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, aina ya PowerCore 10000 yenye namba A1263, kwa hatari ya kushika moto. Pawabenki iliyoitwa irudishwe inakatazwa kwenye ndege hata kama kwako inafanya kazi vizuri. Kasoro ya aina hii haionekani kwa macho, kwa hiyo usijitetee kwa kusema "mbona mimi sijaona tatizo".

4. Soma masharti ya shirika lako

Kanuni za kimataifa ni za chini kabisa. Shirika au nchi inaweza kuongeza ukali juu yake, na mifano ni mingi:

Thai Airways tangu Machi 2025, na Singapore Airlines tangu Aprili 2025, wanaruhusu upande na pawabenki lakini usiitumie ndani ya ndege. Emirates tangu tarehe 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria, isiyofika 100 Wh, usiitumie, na usiiweke kwenye kabati la juu. Korea Kusini tangu Machi 2025 ilipiga marufuku kuziweka kabati za juu. China tangu tarehe 28 Juni 2025 hairuhusu, kwenye safari za ndani ya nchi, pawabenki zisizo na alama ya 3C (alama ya usalama ya nchi hiyo) iliyo wazi. Southwest ya Marekani tangu Mei 2025 inataka pawabenki inayotumika ionekane, isiwe ndani ya begi.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule aliyenyang'anywa na mwenzake akapita. Huenda walipanda mashirika tofauti, au mmoja alikuwa na alama inayotakiwa na mwingine hana. Ukiwa na ndege mbili njiani, fuata yenye masharti makali zaidi tangu mwanzo wa safari. Ni jambo la kusikitisha kuruhusiwa kwenye ndege ya kwanza, kisha kunyang'anywa kitu chako ugenini.

Ukihitaji idhini ya betri iliyozidi 100 Wh, iombe kwa maandishi siku kadhaa kabla, na uje na jibu lao. Maneno ya simu hayana uthibitisho mbele ya mkaguzi.

5. Ziba na utenganishe

Kila pawabenki ichomolewe waya wake. Waya ulioachwa umechomeka unaweza kuamsha chaji ndani ya begi, na ukibanwa unaumiza tundu. Zile za sumaku zinazonata mgongoni mwa simu zibandue kabisa. Nyingi zinaanza kuchaji zikigusana na simu tu, na kwa kuwa zinachaji bila waya zinatoa joto zaidi, tena zikiwa zimefunikwa na nguo.

Tundu za USB za pawabenki ziwekee kipande cha tepu, au tia kila moja kwenye kifuko chake. Betri za akiba za kamera ndizo za kuangaliwa zaidi kwa sababu vyuma vyake viko wazi: tia kwenye kisanduku chake cha plastiki, au funika vyuma kwa tepu. Betri iliyotupwa mfukoni pamoja na funguo na sarafu ni shoti inayosubiri wakati wake.

Kama pawabenki yako ina kitufe kinachobonyezwa kwa urahisi, ipange upande ambao hakuna kitu kitakachoikandamiza.

6. Vyote vyenye betri viingie mfuko mmoja

Usiutawanye mzigo huu. Mfuko mdogo mmoja, juu kabisa ndani ya begi la mkononi, unaotoka kwa mkono mmoja. Utaona faida yake mara mbili: ukaguzini unapotakiwa kuutoa, na langoni pale mhudumu anaposema begi lako halitoshi juu, lipelekwe chini. Hapo watu huhangaika, begi linafungwa lebo na kuondoka na pawabenki ndani. Mwenye mfuko wake hutoa mfuko, anakabidhi begi.

Simu na kompyuta mpakato ni afadhali zije nawe pia. Kompyuta ikilazimika kwenda chini, izime kabisa, si kuilaza tu kwa kufunika kioo, na iviringishe kwa nguo ili isipate kishindo. Sigara za umeme haziendi chini kwa hali yoyote, na hazichajiwi ndani ya ndege.

7. Hakikisha chaja inalingana na umeme wa unakokwenda

Geuza kichwa cha chaja usome penye neno INPUT, yaani umeme unaoingia. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, inafanya kazi popote duniani, unachohitaji ni adapta ya kubadilisha umbo la plagi. Chaja za simu na kompyuta za kisasa karibu zote ziko hivyo.

Ikiandikwa volti moja tu, tahadhari. Adapta ya plagi haibadilishi volti. Inabadilisha umbo tu. Chaja ya 120V peke yake ukiipeleka kwenye ukuta wa 230V utaiunguza. Japani wanatumia volti 100, Marekani 120, Ulaya 230. Vitako vya kuchajia miswaki ya umeme ndivyo vinavyonasa watu hapa, kwa sababu vingi ni vya volti moja na hakuna anayefikiria kuvisoma.

Nyaya zikunje kwa mduara mpana, uzifunge. Uliochubuka mpaka nyuzi zikaonekana, achana nao.

8. Chaji nyumbani, usitegemee ndege

Simu na kompyuta zijae kabla hujatoka. Siti yako inaweza isiwe na soketi, au ikawa nayo imekufa. Tena wakaguzi wa baadhi ya safari wanaweza kukutaka uwashe kifaa waone kuwa ni kizima, na simu iliyozima inaweza kukukosesha safari. Marekani ilianza kudai hivyo mwaka 2014 kwa baadhi ya ndege zinazoingia nchini mwake.

Pawabenki yenyewe haihitaji kujaa hadi juu, hasa ukiwa unaruka na shirika lisiloruhusu kuitumia. Betri iliyojaa ikiharibika huwaka kwa nguvu zaidi ya iliyo nusu. Betri za lithiamu zinazosafirishwa zenyewe kama shehena ya ndege hutakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji, kwa sababu hiyohiyo.

9. Ndani ya ndege

Ukifika kitini, toa mfuko wako wa betri kabla begi halijaenda juu. Uweke kwenye mfuko wa kiti cha mbele yako au kwenye begi lililo chini ya kiti hicho. Hata kama shirika lako halijakataza kabati la juu, fanya hivyo. Moto uliofungiwa kabatini unapata dakika za kukua kabla mtu hajaona moshi. Ulio mbele ya magoti yako unauona tangu unapoanza.

Sikiliza tangazo la wahudumu kuhusu kuchaji. Soketi nyingi huzimwa wakati wa kupaa na kutua.

Soketi ya ndege kwa kawaida inatoa volti 110 na ina matundu ya kupokea plagi za maumbo mbalimbali. Umeme wake una kikomo. Kichwa kidogo cha simu hakina taabu, ila chaja ya kompyuta yenye nguvu kubwa inaweza kuvuta kuliko inavyoruhusiwa, na soketi ikajizima. Usichomeke adapta ya kugawanya soketi moja kuwa tatu. Tundu la USB la kitini nalo ni la polepole katika ndege nyingi. Litaitunza simu isizime, lakini usilitegemee kuijaza ukiwa unatazama video, na kompyuta halitaigusa.

Kinachochajiwa kiwe juu ya meza ya kiti au mapajani, kikipata hewa. Si chini ya blanketi, si chini ya mto, si kati ya paja na mkono wa kiti. Ukitaka kulala, chomoa. Napenda hili lizingatiwe kuliko mengine yote ya hatua hii, kwa sababu aliyelala hasikii kifaa kikipata joto mpaka kimemchoma.

Usiichaji pawabenki kwa umeme wa ndege. Mashirika mengi yamekataza, na hata pale ambapo hayajakataza haina haja: unaijaza betri kubwa mahali pabaya kuliko pote pa kuharibikia. Ukiruhusiwa kutumia pawabenki kuchaji simu, iwe mahali panapoonekana, na uichomoe simu ikishapata ya kukufikisha.

Mambo yakienda kombo

Simu haichaji kitini. Angalia kama taa ya soketi inawaka. Kama haiwaki, subiri ndege ipae na kutulia angani, halafu chomoa, hesabu sekunde kadhaa, chomeka tena. Jaribu waya mwingine. Ikishindikana mwulize mhudumu. Mara nyingine umeme wa mstari mzima wa viti huwashwa upya na wao.

Plagi inaanguka kila mara. Matundu yanayopokea kila umbo hulegea, na kichwa kizito cha kompyuta hujivuta chenyewe. Tumia kichwa kidogo, au waya mfupi utakaoachia uzito wa chaja ukae sakafuni. Usiikandamize kwa begi ili isimame. Plagi iliyoshika nusunusu hupata joto.

Kompyuta inachaji kisha inakata. Inavuta zaidi ya kikomo cha soketi. Izime au uilaze, ndipo uichaji. Kama inakubali USB-C, tumia kichwa chenye wati chache.

Mkaguzi ameizuia pawabenki. Mwonyeshe maandishi ya Wh, kwa utulivu, na hesabu yako kama iko mAh peke yake. Ukiwa na idhini ya shirika, itoe. Akiendelea kukataa, mwulize kama unaweza kumkabidhi aliyekusindikiza. Usijaribu kuirudisha kwenye begi la kukabidhi ili ipite huko. Umeondoka kwenye kosa dogo ukaingia kubwa.

Simu imedondoka kwenye uwazi wa kiti. Usiusogeze mkono wa kiti, usiulaze wala kuuinua mgongo wa kiti, usibonyeze kitufe chochote cha kiti cha umeme. Mitambo ya kiti inaweza kuiponda simu, na betri iliyopondwa ndiyo iwakayo. Kaa ulivyo, au inuka taratibu, umwite mhudumu. Wamefundishwa kuitoa.

Kifaa kimepata joto lisilo la kawaida. Chomoa chaji mara moja, kama unaweza kufanya hivyo bila kuungua, na umwite mhudumu hapohapo. Usisubiri kuona kama kitapoa, wala usione haya kusumbua. Usikifunike, usikitie kwenye begi, usikifungie kabatini.

Moshi, mvuke, sauti ya kufoka au harufu kali ya kemikali. Piga kelele ya kumwita mhudumu, kitufe cha kuitia kinachelewa. Usikishike kwa mkono. Ondoka karibu nacho na uwape wengine nafasi ya kuondoka. Usiuvute moshi wake. Wahudumu wana kizima moto, na baada ya kuzima miali watamwagia maji mengi ili kuzipoza seli. Usishangae kuona maji yakimwagwa kwenye kitu cha umeme, ndiyo dawa yake. Barafu usiiweke: inazuia joto lisitoke. Mizigo iache pale ilipo ukiamriwa kutoka.

Umekumbuka kwamba pawabenki imebaki kwenye begi ulilokabidhi. Ukiwa bado kaunta au langoni, sema papo hapo. Begi litatafutwa, huenda likafunguliwa mbele yako, au likachelewa na kuja na ndege inayofuata. Ukiwa umeshaketi na mlango haujafungwa, mwambie mhudumu. Na ukikumbuka mkiwa angani, mwambie vilevile, ukitaja rangi ya begi, ni pawabenki ya ukubwa gani na ilikuwa katika hali gani, ili rubani ajue kilichomo chini yake.